Sinema ya Babu

"Babu naye aende na wakati," alisema Mama Ratchani, akacheka. Watu wote waliokuwa kwenye foleni na magunia yao ya mpunga wakacheka naye, kwa kuwa mashine ya kukoboa ni yake na mizani ni yake.

Lamduan hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, peku, maana viatu alikwisha kuvivua nje na hakuna aliyemwambia akaribie ndani. Alikuja kupanga siku tu. Mwezi wa nne Krit, mtoto wa pekee wa Mama Ratchani, alitia mkono kwenye chungu cha kura ya jeshi akatoa kadi nyeusi, ya kubaki nyumbani, huku wenzake wakitoa nyekundu na kwenda kunyolewa vichwa. Kijiji kizima kilijua kwamba mama yake aliweka nadhiri kwa Babu, mzimu mlinzi wa kijiji, mwenye kibanda chake kwenye msitu mdogo nyuma ya shule. Nadhiri yenyewe ilikuwa sinema, jioni tatu mfululizo. Na sinema za Babu, miaka yote hiyo, zilikuwa kazi ya projekta ya Prayun, mume wa Lamduan, na sauti ya Lamduan mwenyewe, aliyewasemea waigizaji wote kwenye kipaza sauti, kwa kuwa filamu zao hazikuwa na sauti.

"Sasa Mama, hizo jioni tatu zipo au hazipo?"

"Zipo! Nani anataka kumdhulumu Babu? Ila nimenunua ile." Mama Ratchani alionyesha kwa kidevu boksi lililoegemezwa ukutani. "Runinga. Kubwa kuliko mlango wenu. Krit anaiunganisha na simu, filamu za dunia nzima zimo, na sauti zimeshatiwa humohumo. Tena sauti za maana, mwanamume anaongea kama mwanamume. Maana wewe dada yangu, usinielewe vibaya, ukiigiza jambazi tunasikia mama mtu mzima anakohoa."

Foleni ikacheka tena. Mzee mmoja alicheka mpaka akashikilia gunia lake lisianguke, na huyo mzee Lamduan alikuwa amemliza si mara moja kwa sauti ya mjane wa kwenye filamu. Ndivyo watu walivyo wakiwa mbele ya mizani.

"Basi, Mama. Mimi niende."

"Ngoja, mbona una haraka? Kuna kitu kidogo nataka. Ule mwaliko."

Hapo ndipo Lamduan alipoelewa kwa nini hajafukuzwa moja kwa moja. Sinema ya Babu haianzi hivihivi. Lazima kwanza aalikwe kwa maneno yake, ya zamani, yasemwe yote bila kukosea. Aitwe, akaribishwe kwenye kiti cha mbele, atajiwe nani ameleta sinema, kwa nadhiri gani, kwa mashine ya nani. Bila mwaliko Babu hajui mwenyeji wake ni yupi, na filamu inakuwa kelele za msituni tu. Maneno hayo Lamduan alifundishwa na mama mkwe wake, na kijijini hakuna mwingine aliyethubutu kuyasema, kwa kuogopa kuteleza ulimi mbele ya Babu.

"Useme kwenye simu ya Krit mara moja," Mama Ratchani aliendelea. "Hela ya soda nitakupa."

"Na mwakani, mtu mwingine akiwa na nadhiri?"

"Si tutamwazima? Kijiji kimoja hiki. Runinga ipo, mwaliko upo kwenye simu, watu waache kuhangaika."

"Na mimi?"

"Wewe utapumzika, dada. Hujachoka?"

Lamduan alivaa viatu vyake taratibu, kimoja kimoja, watu wote wakimtazama. Akasema, "Basi Babu utamwalika mwenyewe, Mama. Mdomo unao." Mtu akaguna kwenye foleni. Alipofika barabarani ndipo alipokumbuka kwamba mpunga wao nao hukobolewa palepale.

*

Prayun alikuwa amelala chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inayoonekana. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho bila kutoka.

"Ungempa tu," ile miguu ikasema.

"Nimpe nini?"

"Maneno. Maneno hayaishi, mke wangu. Ukimpa leo, kesho bado unayo."

"Kesho ninayo, nampelekea nani? Wewe na projekta yako mtakuwa mnamwalika nani?"

Prayun akatoka, uso umejaa grisi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimchosha Lamduan kuliko ukali wa mtu mwingine. "Yule bwana wa mkahawa wa mjini alipiga tena," alisema. "Anakuja Jumamosi. Anataka kuiweka projekta karibu na dirisha, wateja wapigie picha."

"Iwe inaonyesha nini?"

"Haionyeshi kitu. Inakaa tu."

"Na mimi atanikalisha dirisha lipi?"

Prayun alijifuta mikono na kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko hiyo mikono. Mambo aliyotaka kusema yote mkewe aliyajua. Zamani waliitwa kwenye harusi, mazishi, kutawazwa kwa watawa, sherehe za mavuno, na watu walitandika mikeka kuanzia mchana ili wapate nafasi. Siku hizi kila mtu ana sinema yake mfukoni, anaitazama akiwa chooni. Aliyebaki kutazama ya Prayun na Lamduan ni Babu peke yake, mbele ya viti vitupu, na Lamduan aliigiza jambazi na mjane na askari na mbwa mbele ya viti hivyo vitupu bila kupunguza hata neno. Sasa hata Babu anatafutiwa runinga.

"Huuzi," Lamduan alisema.

"Mama Ratchani asipotuita msimu huu, tutakula nini?"

"Nimesema huuzi. Nenda kaoge."

*

Siku mbili baadaye, jua linakaribia kuzama, Lamduan alikuwa anatwanga papai bichi kwa ajili ya chakula cha jioni. Pilipili ilikuwa imeshaingia, alikuwa ananyoosha mkono kuchukua chupa ya samaki wa kuchachusha, ndipo aliposikia mtu anamwalika Babu.

Mchi ukabaki hewani. Spika zilikuwa na nguvu, sauti ilitoka msituni ikapita juu ya shule na mapaa ya nyumba. "Babu mwenye msitu, mwenye maji, mwenye njia, njoo ukae mbele." Ilikuwa sauti yake. Pale anapovuta pumzi ndipo ilipovuta pumzi, na kile kikohozi kidogo alichokohoa siku ya sinema ya nadhiri ya Buakhai, jirani yao, nacho kilikuwemo. Lamduan alishika koo lake kuhakikisha kwamba yeye hasemi. Aliona baridi mwili mzima, akaona aibu, kama vile watu wamemchungulia akioga.

Akaenda mpaka msituni, kanga yake ikiwa imerukiwa na pilipili. Runinga ilikuwa imesimamishwa juu ya meza mbele ya kibanda cha Babu, inang'aa hata miti imegeuka bluu. Watu wawili wenye bastola walikuwa wanafukuzana. Halafu wakakatika ghafla, akatokea msichana aliyevaa nusu nguo, anarusha karata na kupiga kelele kwamba ukijisajili leo kwenye kamari yao unapewa hela ya kuanzia. Filamu ya bure ya mtandaoni, na matangazo yake. Krit alikuwa amekaa pembeni juu ya pikipiki, spika ndogo masikioni, anacheza mchezo wake kwenye simu nyingine. Hakumwona Lamduan wala yule msichana wa kamari. Kwenye kiti cha mbele ilikuwepo soda nyekundu ya Babu, imewekewa mrija kama kawaida.

"Samahani, Babu," Lamduan alinong'ona, akarudi nyumbani.

Prayun alikuwa ameketi kwenye ngazi, kichwa chini. Alikuwa amesikia naye.

"Ulinirekodi lini?"

"Siku ya Buakhai. Nilitaka niwe nayo tu. Siku ukinyamaza, niwe nayo." Akakwangua ngazi kwa ukucha. "Halafu Krit akaniomba."

"Bure?"

"Alinitumia hela ya tairi."

"Umeuza mdomo wangu kwa tairi."

"Tairi la mbele," Prayun alisema, kana kwamba hilo lingesaidia.

Lamduan alikaa ngazi ya chini, akampa mgongo. Alitaka kulia, na angelia, lakini kuna jambo lilikuwa linamwashawasha kichwani tangu msituni, na hasira zilimzuia kulishika. Akaanza kuusema mwaliko polepole, kama ulivyotoka kwenye spika. "Njoo ukae mbele. Leo Buakhai, muuza kuku wa kuchoma, aliyeponyewa mumewe, anakuletea sinema hii, kwa mashine ya Prayun..."

Akageuka. "Prayun. Babu kaletewa sinema na nani leo?"

Prayun alimtazama bila kuelewa, kisha mdomo ukamfunguka. "Nilimwandikia Krit! Nilimwandikia akate jina atie la mama yake. Akanijibu na kidole gumba."

"Kidole gumba," Lamduan alisema, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajiegemeza kwenye nguzo. Buakhai maskini aliweka nadhiri ya jioni tatu mumewe alipolazwa, akaweza kulipia moja tu, na zile mbili alikuwa bado anazikusanyia kuku kwa kuku. Sasa tajiri wa mashine ya mpunga anamlipia.

Prayun alikwisha kusimama, anatafuta viatu. "Nikawaambie."

"Kaa chini."

"Watatulaumu!"

"Kuna aliyetuuliza? Mimi ni mama mtu mzima anayekohoa. Kaa chini ule."

*

Mama Ratchani hakusikia kitu jioni ya kwanza wala ya pili. Yeye alikuwa akiwasha ubani msituni mapema, anarudi kwenye nyumba yake yenye kiyoyozi na madirisha ya vioo yasiyofunguliwa. Waliosikia ni wengine wote, na waliosikia walinyamaza, wengine kwa kudhani ni sadaka, wengi kwa raha zao.

Siku ya tatu asubuhi, foleni ikiwa ndefu, Buakhai akaingia ofisini na kuku mzima wa kuchoma amemfunga kwenye jani la mgomba. Akapiga magoti, akaviinua viganja vyake vilivyokutana mpaka usoni, akatoa shukrani kwa sauti ambayo hata mashine haikuizidi. "Mama, mimi na wewe tumegombana kwa ajili ya ule mpaka wa shamba, nami nimekusema vibaya, sikatai. Kumbe una moyo hivi! Jioni zangu mbili zote umemlipia Babu, na jina umetaja langu. Nadhiri yangu imekwisha, Mama. Nimelala usingizi."

Safari hii foleni ilicheka bila kumtazama mwenye mizani.

Mchana wa siku hiyohiyo Krit akateleza na pikipiki, akachubuka kiwiko. Siku nyingine mama yake angempaka dawa na kumtukana. Sasa kiwiko hicho alikiona ni Babu anagonga mlango, anadai kadi yake nyeusi.

Gari lilisimama mbele ya nyumba ya Lamduan, honi ikalia. Lamduan alikuwa anafua. Honi ikalia tena, akaendelea kufua. Mwishowe Mama Ratchani akashuka mwenyewe, akavua viatu, akasimama chini ya ngazi.

"Ulijua," alisema.

"Nilisikia, Mama, kama watu wote. Spika zenu nzuri."

"Yaani ukanyamaza, Babu analetewa sinema kwa jina la muuza kuku!"

"Nikajua ni sadaka. Karibu ukae."

Mama Ratchani hakukaa. "Sasa tusipoteze muda. Krit yupo garini na simu. Sema upya, weka jina langu. Hela utakayotaka taja."

"Sirekodi."

"Nakupa mara mbili ya hela mnayochukua kwa sinema nzima."

"Mama, sirekodi. Unataka sinema ya Babu, utaipata ya Babu. Pazia, projekta, mimi na kipaza sauti, mwanzo mpaka mwisho, jioni zote tatu. Wewe na Krit mkae nyuma ya kiti cha Babu mpaka taa ya projekta izimwe, simu mfukoni. Na kesho uniombe pale kwenye foleni. Ulinifukuzia pale, unirudishie palepale."

"Unataka kunidhalilisha."

"Nataka kurudi nilipokuwa. Basi."

Mama Ratchani alimtazama Prayun, aliyekuwa amesimama nyuma ya pikapu na kutamani kuwa chini yake. Kisha akamrudia Lamduan, na sauti ikawa ya ofisini. "Na mpunga wako, dada? Mavuno yajayo utakoboa wapi?"

Mashine nyingine ya karibu ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto, na gari lenyewe ndilo lile lenye tairi moja zima tu. Prayun alifungua mdomo ili aombe radhi, maana yeye ndivyo alivyo.

"Nitautwanga," Lamduan alisema. Akaunyanyua ule mchi wa papai uliokuwa kando ya beseni, akauangalia. "Huu mdogo. Nitachonga mkubwa."

Akarudi kufua. Mama Ratchani alisimama hapo kwa muda, bila viatu, kwenye ardhi ya moto. Hakuna aliyemkaribisha tena. Mlango wa gari uliposikika ukifungwa, Prayun alikaa chini palepale alipokuwa.

"Umetumaliza," alisema.

"Labda."

"Na Jumamosi yule wa mkahawa anakuja."

"Akija mwambie mashine iko kazini."

"Kazi gani? Hajakubali!"

"Krit ana kiwiko kingine," Lamduan alisema, akakamua shati la mumewe kwa nguvu mpaka likalia.

*

Aliomba. Kesho yake asubuhi, foleni ileile, mizani ileile, Mama Ratchani aliomba haraka haraka huku akipanga karatasi ambazo hazikuwa na haja ya kupangwa. Lamduan akamwambia hakusikia vizuri, mashine inapiga kelele. Ikabidi mashine izimwe, aombe tena.

Basi jioni hiyo msitu wa Babu ukajaa. Habari zilikuwa zimeshafika mpaka vijiji vya jirani, na watu ambao hawakutandika mkeka mbele ya sinema tangu walipopata simu walikuja na mikeka, wali wa kunata kwenye vikapu, watoto, na bibi mmoja aliyebebwa na kiti chake. Buakhai alileta jiko, akawa anauza kuku. Prayun alivuta pazia, akaivuta tena kona moja ambayo haikuwa na mkunjo wowote. Bwana wa mkahawa naye alifika siku moja kabla ya Jumamosi yake, kwa hamu ya picha, akaambiwa mashine iko kazini, akatafutiwa mahali pa kukaa chini.

Lamduan alikaa kwenye kigoda chake kando ya projekta, kipaza sauti mbele. Mama Ratchani aliyekuwa amekaa nyuma ya kiti cha Babu alijipinda, akamnong'oneza, "Taja jina langu tu. Yale mengine usiyaseme."

"Babu hadanganywi, Mama. Tazama mbele."

Alipoinua kichwa aliona simu zimeinuliwa. Karibu kila mtu alikuwa na yake, taa ndogo nyekundu zinawaka, na hata Krit, aliyeambiwa aiweke mfukoni, alikuwa ameichomoza kifuani. Prayun naye aliona. Akaacha projekta, akaanza kwenda mbele na mikono yote miwili juu, huyu mpole, anapiga kelele, "Zimeni! Hairekodiwi! Mmesikia? Hairekodiwi!"

"Rudi kwenye mashine," Lamduan alimwambia. "Waache."

"Watakuchukua tena!"

"Waache wachukue."

Alikuwa amelifikiria hilo siku zote hizo, akifua, akitwanga, akilala macho wazi. Mwaliko ulitaja mwenye nadhiri, ukataja mwenye mashine. Aliyesema hakutajwa kamwe. Mama mkwe wake hakujitaja, na yeye hakujitaja, wakiona ni adabu. Ndiyo maana sauti yake iliweza kuokotwa na kutiwa mfukoni, kwa kuwa haikuwa na mwenyewe. Akasafisha koo, akakohoa kile kikohozi chake, hakukificha, akaanza.

"Babu mwenye msitu, mwenye maji, mwenye njia, njoo ukae mbele. Leo Ratchani wa mashine ya mpunga, aliyebakishiwa mwanawe, anakuletea sinema hii. Alitaka kukuletea sauti ya kuokota, ikamponyoka, sasa amerudi na ya haki. Upokee. Ni kwa mashine ya Prayun." Hapo ndipo mwaliko ulipokuwa unakwisha kila siku, na Prayun alikwisha kunyoosha mkono kwenye swichi. Lamduan akavuta kipaza sauti karibu. "Na kwa sauti ya Lamduan. Mke wa Prayun, binti wa Khamsing mkata nyasi, wa hapahapa. Babu, ukiisikia sauti hii kokote, kwenye simu ya nani, mbele ya nani, ujue ni yangu mimi Lamduan, na umuulize huyo aliyeileta kama aliniomba."

Hakuna aliyepiga makofi, maana Babu hapigiwi makofi. Ila simu moja ilishuka, ikafuata nyingine, na nyingine, watu wakiziangalia kama vitu vilivyopata moto. Ya Krit ilizimika ya kwanza. Wengine hawakuzishusha, na Lamduan aliwaangalia hao machoni mmoja mmoja mpaka akaridhika kwamba wamelisikia jina.

Projekta ikakohoa, ikaanza kuzunguka. Kwenye pazia ukatokea mlango wa nyumba maskini, mvua, na kitoto kilichoachwa kwenye ungo, mdomo wazi, hakitoi sauti. Watu wote wakageuka kumtazama Lamduan. Naye akameza mate, akafumba macho, akalia kile kilio cha mtoto mchanga kwa nguvu zake zote.